Mama Mkwe Kwenye Orodha ya Marejeo

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Morogoro, nusu ya utafiti wangu ilimtegemea mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni. Alikuwa mama mkwe wangu, mkulima wa Matombo. Nilikuwa naandika jinsi wakulima wa milimani walivyobadili mazao baada ya biashara kuachiwa huru na wanunuzi binafsi kuanza kupanda na malori yao hadi vijijini. Vitabu vya maktaba vilikuwa vimeishia enzi za ushirika. Yeye alikumbuka kila shamba: nani aling'oa kahawa, nani alipanda mdalasini, nani alijuta.

Alizungumza akiwa jikoni, mimi uani nimempa mgongo, mke wangu mlangoni katikati yetu. Niliandika hadi kidole kikaota sugu.

Shida ilianza kwenye marejeo. Mwongozo wa chuo ulitaka kila chanzo kiandikwe jina la ukoo, mkato, kisha herufi ya kwanza ya jina lake. Sasa jina la mama mkwe halitamkwi, sembuse kupigwa chapa, na kusema kweli sikulijua. Kijiji kizima kilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nikajiona mjanja. Chini ya herufi M nikaandika: Mkwe, M., Matombo, mazungumzo.

Rasimu ilirudi na duara la wino mwekundu.

"Huyu Mkwe M. ni mtaalamu wa chuo gani?" msimamizi wangu aliuliza. "Umemtaja kuliko wote, na mimi sijawahi kusikia kazi zake."

Nikamweleza huku nikitazama viatu vyangu. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akaacha kucheka.

"Nakuelewa, hata mimi nina mkwe. Lakini mtahini wa nje hatakuelewa. Bila jina, sura ya nne yote inatoka."

Sura ya nne ikitoka, ningerudia mwaka. Ilikuwa Jumatatu, na kazi ilitakiwa iwe imejalidiwa Ijumaa.

Nilirudi nyumbani Kihonda nimenywea. Nikamwomba mke wangu aniandikie yeye.

"Nani, mimi? Jina la mama niligawe kama karanga? Twende ukamwombe mwenyewe."

Nilimnunia njia nzima, na njia ya Matombo ni ndefu kwa mtu aliyenuna. Tulipofika nilikaa uani, nikaielekea migomba na kuieleza shida yangu kana kwamba yenyewe ndiyo mkwe. Niliogopa nimeharibu ndoa na shahada kwa siku moja.

"Mama anauliza kama ni mambo ya kodi," mke wangu alisema.

"Hapana, si kodi! Mwambie ataandikwa pamoja na watu waliotunga vitabu."

Nikasikia sanduku likifunguliwa. Mke wangu akatoka na kadi ya ubatizo ya misheni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya kigoda mbele yangu.

"Amesema unakili, usisome kwa sauti."

Nilinakili herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza nilishusha pumzi, nikala ndizi nne za kuchemsha bila kungoja kukaribishwa tena. Hata mke wangu nilimsamehe, ingawa hakuwa ameniomba.

Mjini, mpiga chapa alilazimika kurudia ukurasa mzima, maana kwa jina lake halisi mama mkwe alipanda juu ya maprofesa wawili. Mpiga chapa alipotaka kunisomea jina ahakikishe, nikaziba masikio.

"Una nini, kaka?"

"Piga tu kama ilivyo, dada."

Sura ya nne ilipita. Nilifurahi hadi nikamshukuru mtahini wa nje, ambaye hakujua ninamshukuria nini.

Nakala ya kwanza tuliipeleka Matombo. Mke wangu alikaa mlangoni, akaanza kumsomea mama yake orodha ya marejeo, mtu mmoja mmoja. Ghafla akanyamaza na kunitazama. Nikaelewa. Nikainuka, nikaenda hadi mwisho wa migomba, mahali ambapo maneno hayafiki.

Vigelegele vilifika. Kisha nikasikia mama mkwe akipaza sauti kutoka jikoni: "Soma tena!" Nikatafuta jiwe, nikakaa, ili wasome wanavyotaka.