Wimbo wa Kukamulia Ng'ombe

Mume wangu aliendesha basi hapa Landani mpaka ugonjwa wa ini ulipomtoa kwenye usukani. Hakuwa mtu wa kelele. Kitu pekee alichokipenda kwa sauti ya juu ni CD za mwanamke mmoja wa Scotland, mwimbaji na mpiga kinubi.

Alimpata kwa sababu ya mvua. Alikuwa mapumziko, mvua ikamkuta njiani, akaingia kanisa dogo lililokuwa wazi, akamkuta yule mama amekaa nyuma ya kinubi kirefu kuliko yeye, anaimba kwa lugha ya zamani ya watu wa visiwa vya kwao, Kiingereza hakimo. Baada ya kuimba alikuwa anauza CD mlangoni. Mume wangu akarudi nyumbani ameloa, CD ameiweka ndani ya shati.

Baadaye alizitafuta nyingine, lakini si zote. Yule mama aliwahi kuimba na bendi, na hizo mume wangu hakuzitaka. "Kule wanamfunika," alisema. Alitaka zile alizorekodi peke yake. Katika ya kwanza unasikia anavuta pumzi kabla ya kila ubeti, na kucha zikigusa nyuzi. Katika ya pili walimwekea fidla na waitikiaji, na mume wangu aliisikiliza kwa heshima tu, kama anayekula chakula cha ugenini. Ya mwisho aliirekodi akiwa mtu mzima. Sauti imeshuka, kuna mahali inakwaruza, na hakuona haja ya kuificha. Hiyo mume wangu aliicheza mpaka nikaijua kama mlio wa friji yetu.

Mimi sikuzipenda. Niliona anaimba kama mtu anayefiwa kila siku. Mume wangu alinitazama akasema, "Wewe huna masikio. Hayo uliyonayo ni mapambo."

Jumapili moja aliniita kutoka jikoni. Alikuwa na kile kijitabu kinachokaa ndani ya kasha la CD ya kwanza, maneno ya nyimbo yamewekwa Kiingereza pembeni, na akanitafsiria wimbo mmoja taratibu. Mwanamke anakamua ng'ombe aliyefiwa na ndama. Wamemchuna yule ndama, ngozi wameijaza majani makavu, wameisimamisha mbele ya mama yake ainuse, adhani mtoto yupo, aachie maziwa. Mwanamke anaimba ili ng'ombe asitazame sana.

Mume wangu alikulia machungani, upande wa Dodoma. Alisimama na kijitabu mkononi. "Hata kwetu," alisema. "Bibi alifanya hivihivi. Ng'ombe anailamba ile ngozi, analamba, na maziwa yanatoka." Akacheka. "Kumbe na Wazungu waliwadanganya ng'ombe wao."

Tangu siku hiyo nikapata masikio. Na alipolala kitandani asiinuke tena, aliniambia tutakapomuaga tumpigie ule wimbo. Kwaya iimbe ya kwao, mchungaji aseme ya kwake, lakini ule usikose. Sikumuuliza kwa nini. Nilimwambia sawa.

Alipofariki, dada yake mkubwa alikuja kwenye flati yetu ya Thamesmead na kushika kila kitu. Ndiyo desturi. Mfiwa hupangiwa. Makochi yalisukumwa ukutani, godoro likawekwa sakafuni, nikakalishwa hapo na kanga kichwani, na kuanzia hapo hata chumvi ya nyumba yangu niliiomba kwa wengine. Mwili ulikuwa unapelekwa nyumbani kuzikwa. Mimi nisingeweza kwenda, maana makaratasi yangu yalikuwa uhamiaji, na ukitoka kabla hayajajibiwa huruhusiwi kurudi. Kwa hiyo ile ibada ya kuaga kwenye ukumbi hapa Landani ndiyo ingekuwa mazishi yangu. Kaburi nisingeliona.

Nikamwambia wifi habari ya wimbo. Alikuwa anachambua mchele na akina mama wa kanisani.

"Lugha ile unaijua?" akauliza. "Unajua anamwita nani?"

Nikasema anamwimbia ng'ombe.

"Jamani sikieni. Mdogo wangu anaagwa na wimbo wa ng'ombe."

Walicheka, hata yule aliyekuwa amenishika bega. Wifi hakucheka. Alisema kama mdogo wake alitaka vya kale, zeze la babu yao lilikuwepo na hakuligusa, akaenda kununua kilio cha Mzungu. Kisha akapunguza sauti. "Basi usihuzunike, mama. Nipe CD zote, fundi mitambo wa ukumbini atachagua."

Nikampa zote, kwenye mfuko wa kitambaa. Nilimshukuru.

Ukumbini kwaya iliimba, mchungaji akahubiri, wenyeviti wa vyama wakasoma rambirambi. Nilikaa kiti cha mbele nikisubiri. Watu walipita kunipa mkono na kunichungulia usoni, kwa sababu sikuwa nalia, na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba mjane huyu macho makavu kama anasubiri basi. Alisema kweli. Nilikuwa nimeyazuia machozi yaje na ule wimbo.

Mtunza ukumbi alipoanza kupanga viti, nilimvuta wifi gauni. Nikamuuliza CD ziko wapi.

Akaonyesha jeneza kwa kidevu. "Nimemlaza nazo. Ziko miguuni."

Asubuhi hiyo walikuwa wamekwenda kumvalisha, yeye na akina mama wawili. Alinieleza palepale, bila hasira, mkono wake juu ya wangu. Vitu alivyovipenda marehemu kupita kiasi havibaki ndani, vinamwita arudi. Aende navyo apumzike. "Nimekusaidia," alisema. "Ungekaa nazo zingekuua."

Jeneza la kusafiri kwa ndege linazibwa. Nilizitazama zile skrubu. Zilikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningezigusa. Nikafikiria kusimama na kuwaambia wafungue. Nikafikiria watu wote wale na simu zao. Sikusimama. Wakambeba na wimbo wake miguuni, wakampeleka uwanja wa ndege.

Wifi alisafiri naye akamzika. Aliporudi alikuja kunisalimia, ameniletea karanga na picha za kaburi. Alikuta nimekaa palepale, ile redio ya CD iko wazi mdomo, kwa kuwa sikuwa nimeifunga tangu nilipompa mfuko.

"Bado una hasira ya zile takataka," alisema. "Siku hizi nani anahitaji CD? Kila kitu kimo humu." Akatoa simu, akaniuliza jina la mwimbaji, nikalitaja. Akavaa miwani, akatafuta, akapata picha ya lile kasha la kwanza. Akaiegemeza simu kwenye kikombe cha chai mbele yangu, akabonyeza.

Pumzi kwanza, kisha kucha kwenye nyuzi. Ilikuwa sauti ileile, imekonda, inatoka kwenye kitu kidogo cha kioo kisichokuwa na harufu ya shati la mtu yeyote. Nilijua wameniwekea nini mbele yangu. Mume wangu mwenyewe aliwahi kunieleza habari ya ile ngozi, akiwa amesimama palepale alipokaa dada yake.

Nilijua, na bado machozi yalitoka. Nililia mpaka nikashika meza. Nililia kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Wifi alikunja kanga yake magotini.

"Sasa si ungelia siku ile," alisema, "watu wakiwepo?"