Neno Ambalo Sikulisema Siku ya Kunyoa

Krismasi moja, nilipotoka Kitale kuja nyumbani upande wa Kimilili, baba alinishika mkono akanipeleka hadi mahali shamba letu linapoinama kuelekea kijito. Akapiga mguu chini.

"Hapa ndipo utajenga, Khisa. Kuanzia hapa hadi kwa maji. Kizito atabaki huko juu."

Tulikuwa wawili tu. Nilisema asante, kisha nikanyamaza, kwa sababu sikujua mtu husema nini zaidi anapopewa ardhi.

Wakati huo nilikuwa mtunza bustani wa Mama Nyaruai, mwalimu mstaafu wa Kitale. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu maua hayamwulizi mtu maswali. Mimi, mke wangu Phelista na binti yetu Joy tuliishi chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama. Kila mwaka nilisema mwaka ujao nitajenga kwetu. Kisha baba akafa.

Kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya maziko watu hukusanyika nyumbani kwa marehemu, jamaa wakanyolewa nywele. Siku hiyo ndiyo maneno ya marehemu husemwa mbele ya watu: nani alionyeshwa shamba gani, nani aliahidiwa ng'ombe. Mwenye kupinga hupinga hapo hapo. Neno lisiposemwa siku hiyo, huhesabiwa kwamba limezikwa.

Baba yetu mdogo, Walubengo, ndiye aliyeongoza. Ndugu yangu mkubwa Kizito akasimama, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Mzee alinionyesha shamba lote. Kutoka barabarani mpaka mtoni."

Watu wakageuka kunitazama. Phelista akanifinya paja.

"Khisa," akasema Walubengo, "uko na neno?"

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa kifuani. Lakini macho yalikuwa mengi, na kusimama kumwita ndugu yangu mwongo wakati udongo wa kaburi haujakauka kulinishinda. Nikatazama viatu vyangu.

"Sina neno, baba. Kizito ameongea."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu ndiye mtoto ako na heshima." Wengine wakaitikia. Nilisifiwa siku ile kuliko siku nyingine yoyote maishani mwangu.

Tukirudi Kitale, Phelista hakunisemesha hadi tulipofika Kiminini. Ndipo akauliza, "Baba Joy, mbona ulinyamaza?"

"Ni ndugu yangu. Tutaongea sisi wawili."

"Mtaongea lini?"

Hatukuongea. Miaka minne ikapita. Macho ya Mama Nyaruai yakafifia, watoto wake wakaja kumchukua, boma likauzwa. Akaniita barazani.

"Khisa, chukua mbwa, chukua paka, chukua miche yoyote unayoitaka. Huyu aliyenunua atajenga nyumba za kupangisha. Atang'oa kila kitu."

Nikampigia Kizito simu, nikiongea kama mtu anayeomba kazi. Nilimwambia nataka kujenga kule chini karibu na kijito.

"Jenga tu, bana," akasema. "Si ni nyumbani? Nani atakufukuza?"

Nikakata simu nikitabasamu. Nilidhani hiyo ndiyo njia yake ya kukubali bila kuaibika. Sikumwuliza ninajenga kama nani.

Tulijenga nyumba ya udongo ya vyumba viwili, tukaiezeka kwa mabati. Paka tulimleta ndani ya gunia ili asijue njia ya kurudi Kitale, kisha tukamfungia chumbani siku tatu, tukimpa vichwa vya dagaa wa omena. Siku ya nne tulipomfungulia alipanda darini, akakamata panya, na tangu hapo hakutukumbusha Kitale tena. Mbwa, jina lake Sajini, hakuhitaji hata siku moja. Jioni ile tuliyofika alizunguka kutoka kijitoni hadi juu, akinusa na kuinua mguu, akarudi akalala mlangoni. Alihamia kabla yangu.

Mimi nilihamia kwa jembe. Nilichimba matuta, nikalaza nyasi kavu juu ya udongo, nikaleta maji ya kijito kwa mfereji mdogo. Nikapanda mboga: sukuma, managu, saga, mrenda na dania. Mwaka wa pili akina mama wa soko la Kimilili walikuja wenyewe hadi shambani kununua managu, na Phelista akaanza kuimba akipika, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika chumba chetu cha Kitale.

Ndipo nikafanya kosa langu la pili. Nilikuwa na miche kumi na miwili ya avokado niliyoipandikiza mwenyewe kwa Mama Nyaruai na kuilea kwenye makopo. Nikaipanda upande wa juu wa bustani, kwa mstari ulionyooka, pale nilipodhani shamba langu lilikutana na la Kizito.

Wiki hiyo hiyo Kizito akashuka kuja kututembelea. Sajini akatoka mbio, manyoya ya shingo yamesimama, akamkingia njia pale kwenye mstari.

"Shika hii mbwa yako!"

"Sajini! Lala chini!"

"Ati mbwa inatoka Kitale inakuja kunibwekea kwa shamba yangu." Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. "Na hii umepanda ni nini?"

"Avokado."

"Naona ni avokado, mimi si kipofu. Nauliza kwa nini zimesimama kwa laini kama polisi kwa gwaride."

"Zitaleta kivuli kidogo," nikasema.

"Kivuli! Wewe mtu wa bustani, sukuma ilianza kutaka kivuli lini?" Akapiga makofi, akacheka tena, kisha akaacha. "Sikia, Khisa. Panda mboga. Panda mpaka uchoke. Mboga ikiisha imeisha. Lakini mti ni mpaka. Miti hapana."

Nilipaswa kumjibu pale pale. Badala yake nilimwomba msamaha kwa ajili ya mbwa. Kwa aibu nikamfunga Sajini kamba shingoni, nikamwacha nyuma ya jiko usiku kucha.

Kulipopambazuka tulikuta miche yote kumi na miwili mlangoni. Haikukatwa. Iling'olewa kwa uangalifu, ikapangwa na mizizi yake, kama mtu anayerudisha sahani za jirani.

Phelista akaokota mche mmoja. "Leo utaongea," akasema. "Ama niongee mimi, na mimi sitachagua maneno."

Jumapili baada ya kanisa tukakutana kwa Walubengo, Kizito akiwepo. Nikaeleza yote: Krismasi ile, baba alivyopiga mguu, alivyosema hadi kwa maji. Nilifika mwisho. Walubengo alinisikiliza bila kunikatiza.

"Maneno mazuri," akasema. "Siku ya kunyoa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, baba."

"Nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ulijibu aje?"

"Nilisema sina neno."

"Basi mimi niliamini huna. Watu wote waliamini. Kama ndugu yako alidanganya, ni wewe ungemshika siku ile. Leo nimwulize nani? Mwenye kusema ukweli alishalala."

Kizito akainama mbele, sauti yake laini. "Lakini baba, kwani nimemfukuza? Khisa, nimekufukuza? Kaa tu. Lima. Hata nikipita naomba sukuma kama jirani."

"Na akifa?" akauliza Phelista. "Utamzika wapi, shemeji? Kati ya sukuma na managu?"

Kizito alitazama mlango.

"Mambo ya kufa tutaongea ikifika," akasema mwishowe.

Walubengo akaagiza chai. Tukainywa, sote wanne, na Kizito akanisogezea sukari.

Miche tisa haikufa. Niliifunga mizizi kwa udongo ndani ya mifuko, na siku ya soko nikaipeleka Kiminini. Mtu mmoja, Ngige, ambaye alikuwa amejenga upya nje ya mji, aliichukua yote. Aliuliza maswali mazuri: shimo liwe la kina gani, mbolea kiasi gani, miaka mingapi hadi matunda. Nikamwambia mitatu, akiitunza.

"Na wewe mwenyewe," akasema, akiipanga miche kwenye mkokoteni, "yako umepanda mingapi?"

"Mimi sina shamba," nikasema.

Watu walikuwa wengi pale, na baadhi walikuwa wananitazama. Nilishangaa jinsi neno lilivyonitoka bila shida yoyote.