Mwalimu Mwenye Kwato

Nilifika Malindi juu ya magunia ya vitunguu. Lori lilitoka Loitokitok alfajiri, likashuka hadi Emali, likaingia barabara kuu ya Mombasa, na kabla ya Voi likaanza kutoa moshi mweusi. Tulilala kando yake tukimngoja fundi aliyeahidi kuja jioni, akaja keshoye mchana na kipuri kisichoingia. Mariakani tuliiacha barabara kuu, tukapita Kaloleni, tukateremka Mavueni mpaka daraja la Kilifi, na hapo ndipo nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Dereva alinionyesha kwa kidevu tu, kama mtu anayeonyesha duka analonunulia sigara.

Nilizaliwa upande wa Bungoma, nikasoma mpaka kidato cha nne, na baada ya hapo nikaishi katika miji mingi kiasi kwamba mama yangu aliacha kuniuliza niko wapi. Akinipigia simu aliuliza kama nimekula. Malindi nayo ingekuwa mji wa kupita tu. Lakini tulipokwisha kushusha vitunguu sokoni, dereva alipata mzigo wa maembe wa kurudi nao, na pia akapata utingo mwingine badala yangu, shemeji yake. Mimi nikabaki na mkoba wangu. Mtu mmoja sokoni akanielekeza mtaa wa Kisumu Ndogo, ambako vyumba ni rahisi, na jioni hiyo, kwa kukosa pa kwenda, nikaingia banda la video.

Banda lilikuwa la mwanamke wa makamo kutoka Ganze, aliyeachana na mumewe akashuka mjini na binti zake wawili. Alilijenga mwenyewe: kuta za mabati, paa la makuti, mabenchi ya mbao za hoteli iliyofungwa kule ufuoni. Ndani mlikuwa na televisheni kubwa, spika mbili, na feni iliyopuliza joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Unga, kodi ya kiwanja, karo ya wale binti, vyote vilitoka humo. Yeye husimama mlangoni, leso kiunoni, akipokea kiingilio na kumuuliza kila anayeingia hali ya watu wa kwao.

Siku hiyo dijei wake, yaani mtu wa kushika maikrofoni na kuwasimulia watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwenye picha, alikuwa amehamia Mtwapa bila kuaga. Kiingereza cha shuleni wengi walikuwa nacho, lakini kile cha televisheni kilikuwa cha haraka na cha puani. Watu wakapiga kelele: "Anasema nini huyo?" Nami nikiwa benchi la nyuma nikajibu, "Anasema hatamwacha ndugu yake kule chini, hata kama ni kwenda kumtoa mwenyewe."

Vichwa vikageuka. "Na huyo mzee je?"

"Anasema njia ya kwenda kwa wafu ni moja, na ya kurudi haipo."

Mwenye banda akaja, akavitazama viatu vyangu vya vumbi, akanitia maikrofoni mkononi.

Ilikuwa tamthilia ndefu iliyochota kutoka hadithi za kale za Wayunani. Shujaa wake alikuwa binti wa mfua chuma ambaye ndugu yake amechukuliwa akiwa hai na kupelekwa kuzimu. Binti anazunguka nchi baada ya nchi akitafuta mlango wa kuzimu, na kila kipindi anafika kijiji kipya chenye balaa jipya. Niliipenda kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifika vijijini namna hiyo, isipokuwa hakuna aliyenisubiri nimuue joka.

Shida ilikuwa miungu. Walijaa kila mahali, wakigombana kama mawifi. Jioni ya pili nikasema, "Mungu wa bahari amekasirika," na mzee mmoja mwenye kofia akasimama.

"Astaghfirullah! Mungu wa bahari ndiye nani?"

"Ni hadithi tu, mzee wangu."

"Hadithi gani ya kumpa Mungu mshirika?"

Mama mmoja wa kanisani, ambaye nilidhani atanitetea, akasema mzee ana haki na yeye pia hataleta watoto wake kusikia habari za sanamu. Kwa mara ya kwanza nikaona msikiti na kanisa vikikubaliana juu yangu.

Mwenye banda akanivuta nje. "Sema majini," akaninong'oneza. "Kila mtu hapa awajua majini, hakuna atakayeuliza."

Basi nikasema majini. Jini wa bahari, jini wa radi, jini wa kike anayewapendesha watu. Mambo yakanyooka. Jini kuja kijijini katika sura ya mgeni na kuomba maji, mchezo ambao tamthilia ile ilirudia kila baada ya vipindi vichache, watu waliuelewa bila maelezo. Walinitangulia hata. "Huyo si mtu huyo! Mwangalie asivyotokwa na jasho!"

Kisha akatokea mwalimu.

Alikuwa mtu kuanzia kichwani hadi kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa farasi. Ndiye aliyemfundisha binti kupiga mishale, kusoma nyota na kuzuia hasira yake. Kwa walioitunga tamthilia, yeye ndiye mtu mwema kupita wote. Lakini mimi mtu wa bara sikujua jambo ambalo Pwani hata mtoto wa chekechea analijua: kwamba jini anaweza kuvaa kanzu nyeupe na kujipaka udi, akazungumza vizuri kuliko kadhi, lakini ukiinamisha macho utaona kwato.

Mchimba mawe mmoja, kijana mwenye sauti kubwa aliyekuja kila siku na vumbi jeupe la machimboni nyweleni, ndiye aliyeanza. "Miguu! Mtazameni miguu!"

Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Dada, kimbia! Huyo atakula!"

"Huyu ni mwalimu wake," nikasema kwenye maikrofoni. "Anampenda kama mtoto wake."

"Ndivyo waanzavyo! Kaka, wewe mbara, huwajui hawa."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Haikusaidia. Kila mara binti alipolala karibu na moto na mwalimu akabaki macho kumlinda, wanawake walimpigia kelele aamke. Alipompa kikombe cha dawa walifunika macho. Na hofu haikubaki ndani ya banda. Mtu alisikia vishindo vya kwato nyuma ya mabati wakati wa magharibi. Yawezekana alikuwa punda wa mchota maji, lakini hakuna aliyetaka awe punda. Mtoto wa jirani akaweweseka usingizini. Kina mama wakaanza kusema banda lile limekaribisha wageni wasioonekana. Benchi la mbele likawa tupu, kisha la pili. Mwenye kiwanja akaleta mtu anayetafuta mahali pa kuweka stoo ya makaa, wakalipima banda kwa hatua, mbele ya mwenye banda, kama hayupo.

Siku hiyo hakulia. Alikaa juu ya benchi akimenya viazi kwa ajili ya chajio na kuniuliza, "Huyo mwenye kwato, hawezi kuondoka?"

"Leo atakufa," nikamwambia.

"Umekwisha kukiona kipindi?"

"Bado. Lakini jana aliuvua mkufu wake akampa binti. Katika hadithi hizi, mwalimu akimpa mwanafunzi kitu chake cha shingoni, hana siku mbili."

Akaacha kumenya. "Na mambo mengine wayajua vivyo hivyo?"

Nikamweleza yote niliyokuwa nimeyaona kwa kusimulia. Kwamba rafiki mcheshi akichekesha kupita kiasi mwanzoni, mwishoni ataliliwa au atalia. Kwamba adui aliyeanguka bila kuonyeshwa maiti yake atarudi. Kwamba katazo likitamkwa, usifungue, usigeuke, usile, basi litavunjwa, na kinachongojwa ni kujua nani atalivunja. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeelekezwa njia ya kwenda hospitali.

Kisha akajifunga leso vizuri, akavuka barabara kwenda chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi ambaye mwanafunzi wake ndiye yule mtoto aliyeweweseka.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Banda lako hilo, mama, lanisumbua."

"Nimekuja kwa hilo. Uje utazame mwenyewe. Ukisema nifunge, nitafunga."

Nilikuwa nimemfuata hadi mlangoni, nikajuta kuwa nimesema kwa uhakika. Mkufu ni mkufu, lakini hadithi inaweza kukuhadaa.

Ustadhi alikuja baada ya alasiri. Hakukaa, alisimama mlangoni, mkono mmoja nyuma, tasbihi kwa mwingine. Habari zilikuwa zimeenea kwa hiyo banda lilijaa, wengi wakiwa wamekuja kumtazama yeye. Nikaanza. Jeshi la jini wa vita likakiingia kijiji. Wanawake na watoto walikuwa na daraja moja tu la kukimbilia, na mwalimu akasimama juu yake peke yake. Nilipunguza maneno. Alipigwa mishale mingi, akapiga magoti ya mbele, akainuka tena, mpaka mtoto wa mwisho alipovuka. Binti alirudi akakikumbatia kile kichwa. Mwalimu akamwambia, nami nikasema polepole, "Usinililie hapa. Kuna watoto, wahesabu kwanza."

Kisha mchimba mawe akapangusa uso kwa mkono wake wa vumbi, akabaki na mistari miwili mashavuni.

Watu wote wakamgeukia ustadhi. Mwenye banda alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Majini wamo wema na wamo waovu," ustadhi akasema. "Kama sisi. Huyo alikuwa katika wema wao." Akaanza kuondoka, akarudi hatua. "Ila hiyo spika, mama, uipunguze wakati wa adhana."

"Nitaizima kabisa, ustadhi."

"Yaani sisi tumemtukana mtu wa watu wakati wote huu," mchimba mawe akalalamika. "Maskini ya Mungu. Na yule bibi aliyesema ana macho ya mchawi yuko wapi?"

"Wewe ndiye uliyesema!" wakamjibu.

Baada ya siku hiyo mabenchi hayakutosha. Mtu wa makaa akatafuta kwingine. Watu walimlilia mwalimu wiki nzima, wakaniuliza atarudi lini, kwa kuwa tamthilia hiyo iliwarudisha wafu wengi wasiostahili. Hakurudi.

Masika yalipofika nikashikwa na malaria. Nililala katika kijistoo nyuma ya banda, na jioni ya kwanza ya homa nikasikia spika zikiwaka. Nikadhani naota. Ilikuwa sauti ya mwenye banda. Hakuwa na Kiingereza zaidi ya salamu, lakini alikuwa akisimulia, na alisimulia kwa Kiswahili kipana, chenye pumzi, akichanganya neno la kwao pale palipohitaji kuuma. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kilichosemwa. Yeye aliwaambia kilichokuwa kikitendeka mioyoni mwa wale watu. Mcheshi alipochekesha sana, yeye akasema, "Cheka, mwanangu, cheka sasa hivi." Ukumbi ukaguna, ukajua.

Nilipopona nikaenda kuichukua maikrofoni. Mchimba mawe akanishika bega.

"Kaka, pumzika. Bado una homa."

"Sina."

"Unayo. Tazama macho yako."

"Macho yangu ni haya haya."

"Basi ni ya kuzaliwa nayo. Pumzika."

Mwenye banda aliona haya, akataka kunipa vipindi vya mchana. Nilivichukua kwa muda. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba banda sasa lilikuwa lake mpaka kwenye sauti, na kwamba hakuna dijei wa kuhamia Mtwapa atakayemtia tena hofu. Nyayo zangu nazo zilikuwa zimekwisha kuwasha. Nikapata nafasi katika gari la mizigo linalokwenda Lamu.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, na ndiyo siku ya kipindi cha mwisho. Nilikuwa nimemuaga asubuhi, akanifungia mahamri kwenye gazeti na kunikaripia kwa kukonda. Hata hivyo nilipita tena, nikasimama nje ya mlango na mkoba wangu. Ndani, binti wa mfua chuma alikuwa amemrudisha ndugu yake kwa mama yao, na sasa yeye mwenyewe alikuwa kizingitini, tayari kuondoka. Mama akamuuliza jambo. Binti akajibu kwa Kiingereza, polepole safari hii, kwamba haji tena, na asisubiriwe.

Kwenye spika mwenye banda akasema, "Mama, nakwenda na kurudi. Usifunge mlango kwa komeo."

Wanawake waliokaa mbele wakaitikia, "Haya mwanangu, urudi salama."

Mchimba mawe, aliyekosa nafasi akasimama karibu nami, alikunja uso. Akaniinamia sikioni. "Ndivyo alivyosema hasa?"

"Hivyo hivyo," nikamwambia, nikaenda kutafuta gari langu.