Mafuta Niliyoyakataa

Siku yangu ya kwanza karakanani pale Same, Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinisogezea baiskeli ya mlimani, akaniambia nibane mkono wa breki. Uliingia hadi ukagusa usukani.

"Unahisi nini, dada?"

"Kama nabana sponji."

"Huo ni upepo umeingia kwenye mafuta. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Mtu akishuka nayo hivyo kutoka Mamba, utaenda kumwona hospitali."

Kampuni yetu ilishusha wageni kwa baiskeli kutoka Mamba, juu milimani, hadi Ndungu, chini tambarare. Breki zilikuwa za mafuta: ukibana mkono, mafuta husukuma pistoni, nazo hubana pedi kwenye diski ya gurudumu. Nilijifunza kutoa upepo kwa bomba la sindano, nikisukuma mafuta mapya kutoka chini mpaka mapovu yaishe juu. Nilijifunza kusafisha pistoni ili zirudi sawasawa, na kuzoesha pedi mpya kwa kushika breki taratibu, mara nyingi, kabla ya mteremko wenyewe. Breki iliyotengenezwa vizuri huitikia kidole kimoja. Kazi hiyo niliipenda.

Baada ya miaka kadhaa nikapelekwa kituo cha Mamba, chini ya Meneja wa Safari. Msimu mmoja mafuta yetu yaliisha. Akaja na chupa ya mafuta ya breki za pikipiki.

"Tia haya. Mafuta ni mafuta."

"Meneja, breki hizi hazitumii haya. Yatavimbisha sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, mkono utaanza kunata, mwisho yatavuja."

"Wageni wanafika kesho. Wewe ni fundi, usinifundishe kazi."

Nilikataa. Siku hiyohiyo akanihamishia Ndungu, akamwagiza fundi mwingine ayatie.

Haukupita mwezi. Namsifu, binti aliyekuwa akiongoza misafara, alishika breki kwenye kona, mkono wa breki ukazama. Mbele yake kulikuwa na mgeni. Ili asimgonge, alijitupa kwenye ukingo wa barabara, akavunjika nyonga.

Meneja alinifuata Ndungu na baiskeli ile, pamoja na taarifa iliyokwisha andikwa: uzembe wa mwendeshaji. Nikaifungua breki mbele yake. Sili zilikuwa zimevimba.

"Saini tu, mama. Kampuni ikifungwa, sote tutakosa kazi."

"Sisaini."

Akaipeleka kwa mwenye kampuni bila saini yangu, na ikakubaliwa. Nami nikaandika yangu, lakini kwa kuwa niliihitaji kazi, nikaihifadhi tu pamoja na zile sili. Namsifu aliomba kazi kwingine, kila mahali akaulizwa kuhusu uzembe wake.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Meneja alisimama kunisifu kwa uvumilivu. Zamu yangu ilipofika niliisoma taarifa yangu yote, kisha nikaziweka sili mezani mbele ya mwenye kampuni.

"Ni kweli?" mwenye kampuni alimuuliza.

Meneja aliiacha soda yake mezani, akatoka nje.

Wiki hiyo taarifa ilibadilishwa, Meneja akaondolewa. Namsifu sasa anafundisha waongoza misafara hapa Same, darasani. Watu wananiambia nitulie, maana mambo yaliisha vizuri. Wengine ni mafundi vijana, na hao ndio wananiudhi zaidi. Namsifu anatembea kwa fimbo, na baiskeli hapandi tena. Hayakuisha vizuri.