Chupa Aliyoondoka Nayo Mama Mkwe

Pontien alikuwa fundi pikipiki pale Makanyagio, mjini Mpanda, mtoto wa wakulima waliotoka Burundi zamani, mpole na mwoga wa mambo kuharibika. Starehe yake ilikuwa moja: kigari cha rimoti chenye injini ya kweli, alichoachiwa na mhandisi wa barabara aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Injini yenyewe haikuzidi ngumi ya mtoto, lakini ikiwaka inalia kama msumeno wa kupasulia mbao, na Kawajense nzima, mtaa anakoishi, inajua Pontien yuko kiwanjani.

Shida ilikuwa mafuta. Kile kigari hakiendi kwa petroli, na mafuta yake hayauzwi Mpanda, kwa hiyo Pontien alijifunza kuyachanganya mwenyewe: methanoli sehemu nne, iliyomfikia kwa basi kutoka Mbeya, na mafuta ya nyonyo sehemu moja ya kulainisha injini. Aliyemuuzia methanoli alimpigia simu kumwonya. "Ina harufu ya pombe ila si pombe, fundi. Ikiingia tumboni hata kidogo, mtu anaweza kupofuka au kufa. Na haimuumizi papo hapo. Anaweza kulala mzima, akaamka haoni."

Maneno hayo yalimkaa Pontien moyoni. Alichanganyia nje, mbali na moto, watoto wakiwa shuleni. Lakini mchanganyiko aliutia kwenye chupa ya maji ya kunywa, akauweka kabatini, bega kwa bega na chupa ya nyonyo ya aina ileile ambayo haijaguswa.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikipeleka kigari kiwanjani na kukijaza. Injini haikuwaka. Akabadilisha plagi, wapi. Akaona mafuta yanachuruzika kwenye ekzosi, mazito kama uji. Akayachovya kwa kidole, akanusa. Hayakuwa na harufu ya spiriti hata chembe. Ilikuwa nyonyo peke yake.

Alirudi nyumbani akiwa karibu kukimbia. Mkewe, Minza, alikuwa anachambua mchele.

"Minza, kulikuwa na chupa mbili kabatini. Nyingine iko wapi?"

"Nimempa mayu jana wakati anaondoka," alijibu, akimtaja kwa Kisukuma mama yake aliyekuwa amewatembelea. "Si alisema magoti yanamsumbua? Nikamwambia achue na nyonyo."

"Atachua tu?"

Minza aliinua uso. "Na tumbo likifunga huwa anakunywa kijiko. Kwani vipi?"

Pontien alipomweleza, ungo ulimponyoka mkononi. Wakapiga simu ya mama, haipatikani. Wakapanda pikipiki, wakashika njia ya Sitalike, kijijini kwa mama, Minza amemkumbatia mumewe kwa nguvu mpaka mbavu zinamuuma. Pontien hakuwaza barabara. Aliwaza jana jioni, usiku, asubuhi. Kama amekunywa, muda wote huo sumu ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya.

Kuna jambo jingine lililomkaba. Ukweni kwake ni Wasukuma wenye ng'ombe, na kwa desturi ya nyumba ile mkwilima, yaani mume wa binti, hamsogelei mama mkwe, hamtazami usoni, sembuse kumuuliza habari za tumbo lake. Tena wakati wa posa kuna waliosema waziwazi kwamba binti yao haolewi na Mrundi.

Walimkuta mama mkwe, Mama Ngusa, ameketi kivulini mwa nyumba, ameegemea ukuta. Pontien alipiga magoti mbali, macho chini, akamwacha mkewe aulize.

"Mayu, yale mafuta umeyatumia?"

"Nimechua jana. Ni mepesi kama maji, yanapoza goti, halafu yanakauka."

"Hujanywa?"

"Leo asubuhi nilijaribu kijiko. Yakaniunguza mdomo, nikayatema. Kidogo yalipita."

Pontien alisahau desturi. "Mama, kidogo kiasi gani? Unaona vizuri? Kichwa hakiumi?"

Mama Ngusa alijifunika khanga usoni kwa aibu. Ngusa, kaka yake Minza, alitoka ndani. "Unamuuliza mama yetu anaona? Umemlisha nini?"

"Ni sumu, shemeji. Ni mafuta ya kigari changu. Chupa zilichanganywa kwa bahati mbaya. Nipige baadaye, sasa tumpeleke hospitali."

Ngusa alimwinua mama yake, wakaondoka naye. Mjini, daktari alisikia neno methanoli, akaitaka chupa yenyewe, akaamuru mama alazwe mara moja. Magoti yakaoshwa, akawekewa dripu na dawa. "Mmewahi," alisema, "lakini macho sitawaahidi mpaka kesho."

Pontien alikaa kwenye benchi la nje. Kila muuguzi alipotoka wodini alisimama, na kila mara aliambiwa akae. Ngusa alikaa benchi la pili. Minza alipomletea chai, Pontien alishindwa kuinywa. Harufu ya spiriti ya hospitali ilimkumbusha ile chupa.

Asubuhi aliitwa ndani. Alisimama mlangoni, kichwa chini.

"Mkwilima," Mama Ngusa alisema taratibu, kwa mara ya kwanza akimsemesha mwenyewe bila kupitia kwa mtu. "Vifungo vya shati lako umevikosea."

Pontien alijishika kifuani. Ni kweli, alikuwa amevifunga mshazari tangu jana. Akageukia ukuta akalia, naye Minza akalia.

Ukoo wa Minza ulikaa ukamtoza mbuzi, akamtoa bila kubisha. Kigari hakukiacha, ila siku hizi anachanganyia gereji, kwenye kopo jekundu lenye mchoro wa fuvu na kufuli juu yake, na kabla ya kufunga kazi hulitikisa kufuli hilo, akatoka, akarudi akalitikisa tena. Mama Ngusa anakuja kuwatembelea kama zamani. Anakula wanachokula, anacheka na wajukuu. Lakini maji ya kunywa huja nayo mwenyewe kutoka kwake, na kila anapoifungua chupa yake, Pontien hutafuta sababu ya kutoka nje.