Buni Niliyoitema Kaisho

Mwaka 2023, masika yakiwa yamekolea na njia ya Kaisho ikiteleza kama sabuni, nilikuwa na miaka hamsini na saba, mjane wa mwaka wa nne, na mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata nikiwa na miaka arobaini na moja. Nayataja haya mapema ili mjue kwamba aibu nitakayowasimulia haikumpata mtoto wala mjinga. Ilimpata mtu mzima aliyejiona anajua.

Kisa kinaanzia tumboni. Tangu Januari mwaka huo kiungulia kilikuwa kinanipanda kifuani kila nilipolala, nikawa naamka koo likiwaka na mdomo mchungu, hadi nilipokwenda hospitali ya Nyakahanga, ambako muuguzi mmoja kijana aliniambia kwamba tindikali ya tumbo ilikuwa inapanda mahali pasipo pake.

"Mama, vidonge hivi ni vya wiki mbili," alisema. "Baada ya hapo daktari ni wewe na sahani yako."

Nikaandika kila alichosema, kwa mwandiko wangu mzuri: kahawa basi, pombe ya ndizi, rubisi, basi, pilipili na mafuta mengi basi, kula kidogo kidogo, kutolala kabla ya saa tatu kupita tangu mlo, kutojikaza kiunoni, kuinua kitanda upande wa kichwani.

"Na kahawa ya kutafuna?" nilimwuliza.

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuacha, mama."

Nilitii. Nilitia matofali mawili chini ya miguu ya kitanda (jirani aliyeniona nikiyaingiza aliuliza, "Mama Adelina, unajenga nyumba ndani ya nyumba?"), nikawa nakula chakula cha jioni jua likiwa bado juu ya migomba, na kufika Aprili nilikuwa nalala kama watu wengine. Lakini sikumwambia mtu. Mimi ni mkulima wa kahawa, hapa Ihanda wananijua kwa kahawa yangu. Ningeanzaje kusema kwamba sasa buni inanishinda?

Sasa niwaeleze kuhusu wifi yangu, Paskazia, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipofariki mwaka 2019, wifi alitaka azikwe kwao Kaisho, kando ya baba yao, nami nikasimama mbele ya waombolezaji nikasoma barua aliyoiacha mume wangu, inayosema azikwe Ihanda, katika shamba alilolipanda mwenyewe. Tukamzika Ihanda. Wifi, ambaye hakujaliwa kusoma, alisema neno moja tu: "Kaka yangu amezikwa na karatasi." Hatukusemezana tena.

Ndipo wazee wa ukoo wakatuita tupatane, Jumamosi tarehe 15 Aprili, nyumbani kwa wifi. Nilivaa gauni la kitenge na mkanda mpana, nikaukaza (nilitaka aone kwamba ujane haukunichakaza), na kwa kuwa mvua ilichelewesha bodaboda, nilifika saa nane sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Wifi alinipakulia mwenyewe, ndizi na nyama, mafuta yakielea.

"Kula, Msomi," alisema, "au chakula chetu hakijaenda shule?"

Watu wakacheka, naye akacheka, na mimi, ambaye kwa miaka minne nilikuwa nimeikosa sauti ya kicheko chake, nikacheka pia. Hapo ndipo ningeinama sikioni kwake nikasema, "Wifi, tumbo langu ni bovu, nipunguzie." Sikusema. Nilimaliza sahani yote.

Kisha akaja na kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikakaushwa juani, ambazo kwetu ukizipokea na kuzitafuna, ugomvi umekwisha. Na ukizitema, umeitema amani. Hilo hata watoto wanalijua.

"Pokea, mke wa kaka," alisema. "Kuanzia leo sina neno."

Nilipiga magoti, nikainama kupokea kwa mikono miwili, mkanda ukanibana tumbo lililojaa, nikatia buni mbili mdomoni, nikatafuna. Zote zikapanda pamoja, buni, mafuta na tindikali, nikaziba mdomo kwa kiganja, kiganja kisitoshe, na vyote vikaanguka kwenye mkeka, mbele ya miguu yake.

"Ameitema?" aliuliza Mzee Rwegasira, mkuu wa kikao.

"Ameitema," alijibu wifi.

Koo liliwaka, sauti haikutoka. Ilipotoka, badala ya kusema maneno matatu, naumwa, wifi, nisamehe, nilifungua mkoba, nikatoa karatasi yangu ya Nyakahanga, nikasimama na kusoma. Nilisoma kwa sauti ya mtihani! "Kwanza, kuepuka vyakula vyenye mafuta mengi," nasoma hivyo na sahani zake bado ziko mbele ya wageni, "pili, kuepuka kahawa," na kikapu bado kiko mkononi mwake. Mlangoni mtu akasema, "Jamani, hata kutapika kwake kuna kanuni," wengine wakaangua kicheko.

Wifi hakucheka. "Karatasi tena," alisema polepole. "Ilimzika kaka yangu, leo imekuja kukataa kahawa yangu." Akaingia ndani na kikapu chake.

Nilirudi Ihanda mvuani, mkanda bado umekazwa.

Jumapili tarehe 30 Julai binti yake, Kokuhirwa, alinipigia simu. "Mama anasema uje mnywe uji, nyinyi wawili tu." Nami nikajibu, kwa Kiswahili changu kilichonyooka, kwamba jambo lililoharibikia kikaoni hutengenezwa kikaoni, waniandikie barua yenye tarehe. Sikuuliza hata kama mama yake hajambo. Alikuwa kitandani. Alifariki Jumanne tarehe 22 Agosti.

Baada ya matanga, wazee walituita tena ili jambo lisibaki wazi. Nilikwenda bila mkanda na bila mkoba. Niliisubiri buni, nimeshaapa moyoni kwamba hata iniunguze vipi nitaimeza. Kokuhirwa akaniletea kikombe.

"Huyu hapewi kahawa," aliwaambia wazee. "Mama aliniagiza tangu mwezi wa saba. Alisema mke wa kaka anaumwa, mpikie uji wa ulezi, usitie ndimu, umpe kidogo kidogo."

Yule asiyejua kusoma alikuwa ameshika kila neno la karatasi yangu. Mimi niliyeisoma sikujua nimealikwa nini.

Niliunywa kidogo kidogo. Haukupanda. Kuanzia siku ile, mtu akinikaribisha kitu nisichokiweza, namwambia kwa mdomo, palepale, naumwa. Na mtu akiniita, nakwenda.

Mzee Rwegasira alisema, "Jambo limekwisha." Katibu wa ukoo akanisogezea daftari niusome muhtasari kwanza. Nilitia sahihi bila kuusoma, kisha nikaandika tarehe mwenyewe: 14 Oktoba 2023, siku ya hamsini na tatu tangu wifi yangu afariki.