Siku mama alikataa kunirudisha nyumbani

Wakuu, jambo kwenu wote. Niko Bunia, munisamehe Kiswahili ya huku.

Hii sikusikia kwa mutu, ni maisha yangu mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Nilikulia Nyakasanza, mutaa wa hapa Bunia. Mama alikuwa anapika lutoko nyuma ya nyumba, ile pombe kali ya muhogo. Baba alishakufa. Siye watoto tano tulikula na tukasoma juu ya ile pombe.

Muonjaji wake nilikuwa miye, toka miaka kumi na moja. Pombe ikianza kutoka, mama ananiita: "Kuja uonje, iko na nguvu?"

Naonja, nakohoa, nasema iko sawa. Wamama wa jirani wanacheka, wananiita docteur. Wee, nilijiona mukubwa! Mpaka leo nikisikia ule moshi asubuhi, natamani kurudi kule. Nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya.

Hakuna mutu aliona ubaya. Kwetu ilikuwa kazi tu.

Kufika miaka kumi na tano, nilikuwa nakunywa mbele ya kuenda masomo.

Siku moja, tumelewa chakari, miye na rafiki wawili tukaiba pikipiki ya mutu. Hata kona ya kwanza hatukufika, tukaanguka nayo. Wajinga kabisa!

Polisi, kisha prison, upande ya watoto. Wiki nzima bila pombe, usingizi hakuna, nalia tu.

Siku ya tribunal, kule kortini, juge akasema: muzazi asaini, mutoto arudi kwake. Nikamuangalia mama, tayari nafurahi.

Mama akaweka bic chini, ile kalamu ya kusaini.

"Monsieur le juge, kwangu kunapikwa pombe, na siwezi kuacha, iko wadogo wake wanne. Huyu nikimurudisha, nitamuua miye mwenyewe. Mumupe mudogo wangu wa Mahagi-Port. Ni mulokole, kwake hakuna hata tone."

Nikapiga kelele mbele ya watu wote: "Weye si mama yangu!"

Mama mudogo, aliyekuja na mama siku ile, akasaini.

Kule Mahagi-Port, kando ya ziwa, nilikausha samaki miaka nne. Pombe nikaiacha, lakini kwa shida. Simu za mama sikupokea.

Mwaka jana nilirudi, nikapiga magoti nimuombe samahani. Akanizuia.

"Ile siku nilitoka tribunal, na kesho yake asubuhi nikawasha moto, nikapika tena. Weye ndiye unisamehe."

Tulilia wote wawili, wakuu.

Nilichojifunza: kuna muzazi anakukataa juu anakupenda. Miye ilinichukua miaka kuelewa.

Mulokulia mu nyumba ya pombe, semeni, mulitokaje? Munitukane miye mukitaka. Mama, hapana.